Mtu Aliyegeuza Shingo

Mtu aliyemvunja mwanangu mguu ndiye aliyekuwa akipendwa kuliko wote nyumbani kwangu, na kwa miaka mingi ilionekana ni mimi peke yangu niliyeona kwamba hapo pana kasoro. Mke wangu alimwekea kiti. Mwanangu alimwekea habari zake zote za shule. Mimi nilimwekea kijicho, tena cha kutosha, na nalisema hili mapema ili msomaji asidhani anasomewa sifa za marehemu. Kwanza mwenyewe yu hai. Pili, sikukaa chini kumsifu, ingawa najua haya yataishia kuwa sifa, kwa sababu kila jambo lake huishia hivyo, hata ulianze kwa ubaya gani.

Sote tulimwita Nahodha. Tulikaa mtaa mmoja huku Kisauni, nyumba yake ikiwa kona ya barabara na yangu ndani kidogo, kwa hiyo kila aliyekuja kwangu alipita kwake kwanza, akasalimiwa, na alipofika kwangu alikuwa hana haja tena ya salamu zangu. Hilo lilikuwa tatizo langu la kwanza naye, kabla hata ya lile kubwa.

Maana salamu zake hazikuwa salamu za watu wa leo. Kutembea naye kutoka msikitini mpaka dukani ilikuwa safari ya kufungashiwa chakula. Alimsalimia muuza mahamri, akamuulizia mama yake, akamuulizia goti la mama yake, akamuulizia daktari aliyelitazama hilo goti. Mtoto akimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, hakuitikia huku akienda. Alisimama, akageuka mwili mzima, akaweka mkono kifuani, ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu, marahaba. Hujambo? Mama hajambo?" Watoto kumi wakimwamkia kwa pamoja, aliwaitikia mmoja mmoja. Walijua, na walikuwa wakishindana ni nani atakayemwona mwanzo. Binti yangu Kadzo ndiye aliyekuwa bingwa wao. Alimwona Nahodha kutoka mbali kuliko wote, na sauti yake ilikuwa kali.

"Salamu ni haki ya mtu," Nahodha alikuwa akisema. "Ukiiacha chini, umemwacha mwenyewe chini."

Mimi ni mtu wa kutoka Kaloleni, na kwetu si kwamba hatuna adabu, ila mimi binafsi huinua kidevu tu, na mwenye kuelewa akaelewa. Mke wangu husema nasalimia kama mtu aliyeombwa figo.

Kazi yake Nahodha ilikuwa kuendesha vyombo vya watu wanaokuja kustarehe baharini. Alianza na mashua zile zenye kioo chini, ambazo mgeni huinama akatazama samaki bila kulowa. Baadaye tajiri mmoja wa Nyali alimpa boti ya mashine ya kuvuta mpira mrefu ambao vijana huukalia kama farasi, wakaburutwa juu ya mawimbi huku wakipiga mayowe. Ule mpira wanauita ndizi. Kwa kazi hiyo ya maji ya chumvi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kila jioni mkewe alilifua upya. Alipenda kutazamwa. Hili wanaomsifu hulisahau, lakini mimi nililiona tangu zamani. Alikuwa na mtindo wake wa kupita karibu na mashua nyingine, kasi, akiinamisha boti ubavu mmoja mpaka maji yakawarukia abiria, nao wakashangilia. Wenzake wa ufuoni walimwambia apunguze. Akawajibu kwamba ameijua bahari kabla wao hawajaijua sabuni.

Siku yenyewe ilikuwa sikukuu, ya pili ya Krismasi, ufuo umejaa mpaka huoni mchanga. Kanisa letu lilikuwa limewapeleka watoto matembezi. Akina mama, wangu akiwa mmoja wao, walikuwa juu kwenye vivuli wakipakua pilau. Watoto walipangwa kwa zamu kupanda mashua ya kioo. Mimi nilipewa kazi ya kulinda viatu vyao, na niliifurahia, kwa sababu sijui kuogelea na sioni akili ya kupanda chombo kilichotobolewa chini kikazibwa kwa kioo.

Zamu ya Kadzo ilipofika, mashua yao ilitia nanga pale kwenye mwamba, si mbali, na watoto wakaanza kelele za kuona samaki. Ndipo ile boti yenye shati jeupe ikatoka ufuoni na ndizi yake nyuma. Ilipita karibu nao, ikainama, maji yakawarukia, watoto wakapiga kelele za raha. Ilikuwa imeshawapita. Kisha nikaona shati jeupe likigeuka nyuma, mwili mzima, na mkono ukitoka kwenye mpini wa mashine ukaenda kifuani.

Mkono ule niliujua. Ulikuwa unaitikia.

Mashine ile ikiachwa mpini wake hujipinda yenyewe. Boti ilizunguka kabla yeye hajaurudisha mkono, ikaja ubavuni mwa mashua ya watoto, pua ikapanda juu ya ukingo. Mlio wa mbao nilioujua ni wa seremala, lakini ule haukuwa huo. Vijana wa ndizi walitupwa majini na majaketi yao wakaelea. Watoto wengi walitoka na michubuko na hofu. Kadzo alikuwa amekaa ukingoni, pale pale pua ilipopanda.

Mimi niliingia baharini na jozi ya viatu mkononi mpaka maji yakafika kifuani, nikasimama. Sikuweza kuendelea. Yeye ndiye aliyejitupa, yeye ndiye aliyemtoa, yeye ndiye aliyelirarua lile shati akaufunga mguu, akaja naye akitembea majini mpaka mahali nilipokuwa nimesimama, akaniwekea mwanangu mikononi. Nami nilichokiona kwanza, Mungu anisamehe, ni kwamba mtoto alikuwa amemshika yeye shingoni na hakutaka kumwachilia.

Sasa watu wa pwani tuna neno letu la kufunikia mambo kama haya. Tunasema ajali haina kinga. Lilianza kusemwa pale pale mchangani, polisi hawajafika, na wazee wawili watatu wakaongeza kwamba ni kudura. Nahodha alikuwa amekaa chini, fulana imelowa damu, akawanyamazisha.

"Msimsingizie Mngu," alisema. "Ajali hii kinga yake ilikuwapo. Nalipita karibu, nalipita kasi, na shingo nikaigeuza."

Maneno hayo hayo aliyasema kwa polisi, akayasema kwa maofisa wa usalama wa baharini, na baadaye kortini. Hakuongeza, hakupunguza. Tajiri wake alimwendea nyumbani na maneno matamu. Alitaka Nahodha aseme mashine ilikwama, au aseme mashua ya kioo ilitia nanga njiani mwa wengine. Nilisikia haya kwa mkewe, aliyekuwa akipika chai ya huyo tajiri. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hakatizi mtu, kisha akamwambia, "Mashine ilikuwa nzima. Mbovu nalikuwa mimi." Tajiri aliondoka na chai haijanywewa, na Nahodha akaondoka kazini.

Kortini nilikwenda. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa shati la kanisani, nikakaa mbele kabisa. Nilikuwa nimejiandaa. Ningemchukia vizuri sana kama angekana. Nilikuwa nimeshapanga hata jinsi nitakavyomkodolea macho akianza kujitetea. Akasimama kizimbani na kusema kosa ni lake, nikabaki na chuki yangu kama mtu aliyebeba mwavuli siku ya jua.

Hakimu alimuuliza aligeuka kutazama nini.

"Nalikuwa naitikia salamu, mheshimiwa."

"Salamu ya nani?"

"Ya alonisalimia."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akamuuliza tena, kwa ukali, ni nani huyo. Nahodha akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, mwenye kusalimu hakukosa kitu. Mpini nalikuwa nao mimi. Niandikie mimi."

Akaandikiwa yeye. Adhabu, iliyokuwa kifungo cha nje, aliitumikia yote, na kile kibali chake cha unahodha alikipeleka mwenyewe kabla hajaitwa kukirudisha. Mtaani wakaanza kubahatisha ni nani aliyemwamkia. Wengine walimtaja mzee wa kamati ya ufuo, wengine mwenye mashua ya jirani. Mimi sikubahatisha. Nilikuwa na hasira nyingine. Nilikuwa nawaza kwamba watu wengine wakizembea huwa wamelewa, au walikuwa kwenye simu, au walikuwa wanatazama wasichana. Huyu hata kosa lake lilikuwa la adabu.

Alikuja kwangu siku moja baada ya Kadzo kutoka hospitali. Nilimsikia akipiga hodi, nikatoka nikasimama mlangoni kwa upana wangu wote.

"Kama umekuja kuomba msamaha," nikamwambia, "umeshaomba."

"Sikuja kuomba," akasema. "Pole haiteki mai. Ndoo ziwapi?"

Mifereji ya mtaa wetu ilikuwa mikavu juma zima, na mke wangu alikuwa amekaa na mtoto mwenye plasta asiyeweza kuoshwa. Kabla sijapata jibu alikuwa ameshapewa ndoo. Alipewa na mke wangu, kutoka nyuma yangu, kwa chini ya kwapa langu. Akaenda kisimani akarudi. Kesho yake akaja tena. Ndivyo alivyoingia.

Mimi nilikuwa msimamizi wa ghala kule Port Reitz. Kutoka Kisauni kwenda huko unavuka daraja la Nyali, unakatiza kisiwa chote, unatoka tena kwa Makupa, na ukifika umeshachoka na kazi hujaianza. Nilitoka mtoto amelala, nikarudi mtoto anasinzia. Yeye Nahodha hakuwa na kazi tena. Basi ikawa aliyemvunja ndiye mwenye nafasi ya kumuunga, na mimi baba, kwa kuwa sikumkosea mtu yeyote, nilikuwa kazini.

Alimpeleka kwa daktari wa mazoezi akimbeba mgongoni mpaka stendi. Alijifunza yale mazoezi yote, akawa anamhesabia nyumbani kwa sauti ya kuimba, na akikataa anamngojea. Siku aliyopiga hatua bila magongo nilipigiwa simu nikiwa ghalani, katikati ya magunia ya mchele. Mke wangu analia, nyuma yake nasikia vigelegele na sauti ya Nahodha ikisema, "Na wa kushoto sasa, bibi harusi, na wa kushoto." Nilimwambia mke wangu nimefurahi. Kisha nikawagombeza wapakuzi bila sababu. Mtoto hupiga hatua ya kwanza mara moja maishani, wangu alijaliwa mara mbili, na hiyo ya pili aliiona mtu mwingine.

Kadzo akaanza hata kusema kama yeye. Jioni moja nilimuuliza daftari lake liko wapi, akanijibu, "Siyui, baba."

"Hujui," nikamwambia. "Sisi si watu wa Mvita."

"Ndiyo nasema siyui."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba Kadzo," akasema, "wivu utakung'oa meno. Mtu anamlea mwanao bure, wewe wapigania herufi ya jim."

"Hamlei. Analipa alichofanya."

"Basi mwache alipe. Mbona wamfukuza mwenye kulipa?"

Nadhani nilitaka alipe mahali ambapo sitamwona.

Daktari alisema mguu unahitaji maji. Kadzo akakataa katakata. Bahari hakutaka kuisikia hata kwenye wimbo. Nilijaribu mimi kwanza, nikampeleka ufuoni siku ya mapumziko yangu, lakini mtoto hujua kama anayemwambia usiogope anaogopa. Tulirudi bila kulowa. Jumapili iliyofuata Nahodha alikwenda nasi maji yakiwa yamekupwa, akatafuta kidimbwi kwenye mwamba, akakaa ndani na kikoi chake, maji kiunoni, akaanza kumsimulia hadithi ya samaki. Hakumwita. Alisimulia kwa sauti ya chini tu, mpaka Kadzo akalazimika kusogea ili asikie. Aliposogea sana alikuwa ameshaingia. Mimi nilikuwa nimesimama juu, nimeshika viatu vyake.

Basi nikaanza kumkusanyia makosa. Mwingine hukusanya stempu. Nahodha alichelewa kila mahali, na sababu zake mnazijua. Alikula sana, hasa akila kwa watu. Hadithi moja aliirudia mwaka mzima na samaki wa ndani yake akikua kila mwezi, ingawa mwenyewe alikuwa akionya kwanza kwamba hiyo ni hadithi. Kwenye drafti alikuwa mbaya na hakubali kushindwa mpaka ucheze tena. Alipenda kusifiwa bado, hata baada ya yote, na mtu akimwambia hakuna nahodha kama yeye, alikunja uso kukataa lakini hakuondoka pale.

Nilichokitaka zaidi ni kumshika na uongo. Nilimtega mara nyingi. Nilimuuliza mbele ya mke wangu kama mkate wa sinia uliopikwa siku ile ulikuwa mzuri, nikijua haukuumuka. Mtu yeyote angesema mzuri. Nahodha aliutafuna, akatafakari, akasema, "Utamu uko. Kuumuka haukuumuka." Mke wangu akamshukuru. Mimi nikisema neno kama hilo nalala njaa.

Na alikuwa na jambo moja ambalo hata mimi sikuliweka kwenye makosa. Tangu siku ile hakupanda chombo. Aliapa, akasema aliyeachilia mpini hana haki ya kubebwa na maji. Kwenye kidimbwi aliingia, ufuoni alitembea, lakini mguu wake haukukanyaga mbao inayoelea. Dada yake alipofariki huko Likoni, sisi wote wa mtaani tulikwenda kwa feri, dakika chache tu. Yeye hakupanda. Alitoka Kisauni akazunguka Miritini, akashika barabara ya Dongo Kundu, akatokea Likoni upande wa pili. Alipofika tulikuwa tumeshazika, naye akawa amekosa kumwona dada yake akiingizwa kaburini. Tulimkuta jioni amekaa peke yake kwenye mchanga mbichi, viatu vimejaa vumbi la safari yote ile. Kadzo alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Alimtazama kwa mbali, na njia nzima ya kurudi, kwenye feri, alisimama akitazama maji na hakunijibu nilipomsemesha.

Nilidhani amemhurumia tu. Nikaona wivu hata kwa hilo.

Miaka ikapita, Kadzo akamaliza masomo, akaajiriwa kwenye duka la dawa, akapata kijana wa Mariakani. Kijana mzuri, mpole, sina neno naye. Kwetu, wakwe wanapoleta mnazi wa posa, msichana huitwa mbele ya wazee akaulizwa kama mnazi ule unywewe au usinywewe. Akisema unyweni, amekubali. Akinyamaza, wageni hubeba vibuyu vyao wakaenda. Mchungaji wetu ameugeuza mnazi ukawa soda, lakini swali ni lile lile, na jibu hutoka kwa msichana tu.

Siku chache kabla wageni hawajaja, Kadzo aliniambia hataweza kulitoa hilo jibu.

"Humtaki tena?" nikamuuliza.

"Namtaka. Lakini nataka Nahodha akae mkekani na wazee wangu. Na kabla ya hapo nina neno la kumuuliza."

"Neno gani? Niulize mimi."

"Wewe hulijui, baba."

Liliniuma, sitasema uongo. Jioni ile tulikwenda wote wawili kwenye ile nyumba ya kona. Nahodha alikuwa amezeeka, sukari imemla macho, anaona watu kama vivuli. Alimtambua Kadzo kwa miguu. Salamu zilichukua muda wake wa kawaida. Nilimweleza habari ya mkeka, akafurahi, akasema atakuja na mapema. Mkewe akacheka akasema labda mumuite jana yake.

Kisha Kadzo akamsogelea, akakaa chini miguuni pake.

"Nahodha," akasema, "ile salamu ilikuwa yangu?"

Mzee akaigeuzia uso sauti yake.

"Nilikuamkia," Kadzo akaendelea. "Ulipotupita. Nilisema shikamoo kwa sauti yangu yote, ukageuka. Kelele zilikuwa nyingi, kila siku najiambia huenda ulimsikia mwingine. Lakini uliacha bahari. Dada yako hukumzika. Kama ni mimi niliyekutoa baharini, nataka nijue. Siwezi kukaa mbele ya wazee wakanisherehekea na hili tumboni."

"Salamu si kosa, mwanangu."

"Sikuuliza kama ni kosa. Nimeuliza kama ni yangu."

Nahodha akafungua kinywa akakifunga. Nilimjua mtu yule kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimemchunguza miaka na miaka nikitafuta ufa, na nilijua anavyokaa anapotafuta jibu ambalo ni la kweli na halimuumizi mtu. Alikuwa hodari wa majibu hayo. Safari hii alitafuta na hakuliona. Vidole vyake vilikuwa vikisugua kikoi. Ndipo nikafahamu alichokificha kwa hakimu, na kwa nini, na tangu lini. Nikafahamu pia kwamba mwanangu alikuwa amelala na jambo hili nyumbani kwangu, chumba cha pili, nami nikiwa macho nikihesabu mara ngapi ametaja jina la mwingine.

Angenyamaza kidogo zaidi, Kadzo angepata jibu lake.

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Nilikuwa mchangani na vile viatu," nikasema. "Nikamwona anapita, nikampigia ukelele wa shikamoo. Aligeukia ufuoni. Alikuwa ananiitikia mimi."

"Wewe?" Kadzo akasema. "Wewe husalimii mtu."

"Siku ile nilisalimia. Ilikuwa sikukuu."

Alinitazama sana. Kisha akamgeukia mzee. "Ni kweli, Nahodha?"

Macho ya Nahodha yalikuwa yamenielekea, yakinitafuta mahali nilipo.

"Babako akikupa neno," akamwambia, "lishike."

Kadzo akainamisha uso. Niliona mabega yakishuka, polepole, nikajua limemtoka. Ilikuwa raha kuliona, na raha hiyo haikudumu. Alipoinua uso alikuwa analia na hasira imempanda.

"Miaka yote hii," akasema. "Nilikuuliza, baba. Hospitalini, kwenye benchi, nikakuuliza mtu akiamkiwa lazima aitikie? Ukaniambia ninywe dawa. Ulijua, ukaniacha. Ukamwacha mzee wa watu abebe peke yake, wewe unamnunia ndani ya nyumba!"

"Ndiyo," nikasema.

"Na uliniona nikimpenda, ukakasirika."

"Ndiyo."

Hilo la pili lilikuwa kweli tupu, nikashukuru kupata la kweli la kusema. Kadzo alisimama, akaushika mkono wa Nahodha akaubusu, akamwambia Jumamosi atakaa karibu naye, si mbali. Alitoka bila kunitazama. Nilimsikia nje akimuaga mke wa Nahodha kwa sauti iliyokauka, na miguu yake ikienda, ule mzima na ule mwingine.

Tukabaki wawili. Nahodha alinyoosha mkono hewani mpaka ukalipata goti langu.

"Atakukasirikia," akasema. "Na haitakuwa siku moya."

"Najua."

"Mimi hakunikasirikia hata mara moya. Mguu nimemvunja mimi, na hakunikasirikia."

"Najua, Nahodha," nikamwambia. "Ndiyo maana nilikuwa sikupendi."

Alilibana goti langu, akaniachia. Nikatoka nikamfuata mwanangu, naye alikuwa ameshafika mbali na hakuwa akinisubiri.